Sufuria Yenye Masizi

Mwanaima binti Halfani hakwenda Nachingwea kutazama wanyama. Alikwenda kwa sababu safari ya siku mbili kwa miguu inataka mtu wa kubeba sufuria, unga na kata ya kuchotea maji, na katika nyumba ya wakwe zake mtu huyo, kwa wiki tano sasa, alikuwa yeye. Mwenye kosa habebewi mzigo.

Kosa lenyewe tulitaje mapema, maana bila hilo hakuna hadithi. Kisima cha Mandawa kilikuwa na kambare. Hakuwa samaki wa kuliwa, na mtoto aliyethubutu hata kumtamani alichapwa. Bi Ashura, mama mkwe wa Mwanaima, aliolewa akamkuta, na sasa Bi Ashura alikuwa na mvi kichwa kizima. Kambare yule alikula viluwiluwi na kila kidudu ambacho kingeishia matumboni mwa watoto. Watu walimwita Mwenyeji. Mwanamke akifika kisimani, kabla hajateka, aligonga kata mara tatu kwenye jiwe na kunyunyiza pumba kidogo. Mwenyeji alipanda, akafungua domo lake pana, akala, akashuka. Ndipo maji yakatekwa. Na mwiko ulikuwa mmoja tu: chombo chenye masizi hakizamishwi kisimani. Sufuria iliyotoka mekoni ikiingia majini, Mwenyeji atachukia na kuhama, na maji yataharibika.

Basi asubuhi moja wanawake waligonga na Mwenyeji hakupanda. Waligonga mpaka mikono ikawauma. Siku ya tatu maji yalianza kujaa vidudu, na wiki haijaisha watoto wanne wakawa wanaharisha.

Jioni iliyotangulia asubuhi ile Mwenyeji alipokosa kupanda, mtungi wa Mwanaima ulikuwa umevunjika, naye akaenda kisimani na sufuria. Aliiweka juu ya majani makavu, hatua tatu kutoka majini, akateka kwa kata na kumimina humo. Hivyo ndivyo alivyosema, na aliapa kwa msahafu. Lakini Bi Ashura alimwona akirudi, sufuria kichwani, masizi yakimchirizika shavuni. "Nimeona kwa macho yangu," alisema. Alichokiona ni mwanamke anayerudi nyumbani na maji. Yaliyobaki aliyajaza mwenyewe, na kijiji kikamsaidia kujaza.

Akahukumiwa kuteka wa mwisho. Wenzake wakimaliza, akiwa amekaa pembeni na mtungi wa kuazima wenye ufa, ndipo aende akakwangue tope. Mumewe, Shaibu, alikuwa mtu mpole, na upole wake ulimfaa kila mtu isipokuwa mkewe. "Vumilia," alimwambia. "Watu watasahau." Mwanaima alimtazama na kumjibu kwamba watu husahau deni lao, hawasahau aibu ya mwenzao.

Alikuwa na hasira, tusifiche. Aliamka nayo, akalala nayo.

Sasa, Mikidadi, mdogo wake Shaibu, alikuwa kazini Nachingwea, mwaka ule wa mashamba makubwa ya karanga yasiyozaa, ambao matrekta yalikuwa mengi kuliko ng'ombe na Wazungu wengi kuliko matrekta. Wengine walikuja kulima. Mmoja, ambaye watu walimwita Bwana Miwani, alikuja kukusanya. Alinunua nyoka, alinunua kakakuona, alinunua hata panya buku, akawafungia katika banda refu la mabati lililokuwa la kuwekea mashine. Ikasemwa kwamba wote watapanda treni mpaka pwani, kisha meli, wapelekwe katika mji mkubwa wa Ulaya ambako kuna jumba la wanyama na jumba la samaki, na watu hutoka na familia zao siku za mapumziko kwenda kuwatazama. Kabla ya safari, Bwana Miwani alifungua banda siku tatu, watu waingie bure. Mikidadi akatuma salamu nyumbani: mama aje, kaka aje, waone kazi yake.

Walifika siku ya tatu, siku ya mwisho, saa nne asubuhi: Bi Ashura mbele, Shaibu nyuma yake na Swaumu, binti yake mdogo aliyezaa na Mwanaima, mabegani, na Mwanaima mwisho na sufuria kichwani, kata ikining'inia kiunoni. Mikidadi aliwapokea mlangoni. Alikuwa amevaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, na kofia yenye kibati, maana siku hizi alikuwa msaidizi wa Bwana.

"Karibu mama. Karibu kaka. Shemeji, na wewe umekuja?"

"Nimebeba chakula chenu," alisema Mwanaima. "Ulitaka kije peke yake?"

Ndani ya banda kulikuwa na joto, harufu ya mavi ya chui, na umati wa watu kutoka Mtua, Kiegei na vijiji ambavyo Mwanaima hakuvijua. Vizimba vilipangwa pande zote mbili. Na hapo, lazima tuseme kweli, hata yeye alicheka. Kwani walichoonyeshwa wakulima wale ni nini? Ngedere! Ngedere waliomaliza mihogo ya kila mtu humo ndani, leo wamekaa wanamenya ndizi walizoletewa kwenye sahani. Katika kizimba kilichofuata alikuwamo kenge.

"Mwizi wa kuku huyu," alisema mzee mmoja kwa uchungu wa kweli. "Mimi nimemfukuza na panga miaka yote, kumbe nyumba ya mabati inamsubiri."

"Na nungunungu yule anakula nini?" aliuliza mwingine.

"Karanga."

"Basi kuna aliyefaidi karanga za Nachingwea."

Watu walicheka mpaka ngedere wakaacha kumenya. Swaumu alipiga makofi mabegani mwa baba yake. Hata Bi Ashura alijisahau, akamshika Mwanaima mkono kumwonyesha chatu, kisha akakumbuka, akauachia.

Mwisho wa banda palikuwa na pazia la turubai. Watu waliingia na kutoka. Mikidadi aliwageuza kabla hawajalifikia.

"Huko hakuna kitu, mama. Samaki tu. Twendeni nikuonyesheni treni."

"Samaki gani?" aliuliza Swaumu.

"Samaki kama samaki. Wakubwa walishaondoka na treni ya Jumatatu." Alisema hivyo huku akimtazama kijana aliyekaa penye pazia, Stefano, Mmakonde kutoka Msumbiji, mlishaji wa wanyama. "Si ndiyo, Stefano? Masanduku ya samaki yameondoka?"

"Bado," alisema Stefano. "Treni ya Jumatatu haikuwa na nafasi. Wanaondoka leo jioni."

Mwanaima aliona uso wa shemeji yake ukibadilika. Hakujua kwa nini, lakini mtu aliyetuhumiwa kwa wiki tano hujifunza kusoma nyuso. Akalipita pazia.

Ndani palikuwa na masanduku ya vioo, makubwa kama vitanda, yamejaa maji, na mwanga uliingia kutoka juu kwenye bati lililokatwa. Ukutani palibandikwa picha ya lile jumba la Ulaya, watoto wa Kizungu wakiwa wameshikwa mikono na wazazi wao mbele ya ukuta wa kioo. Katika sanduku la kwanza walikuwamo perege. La pili, kasa wawili wa mtoni. La tatu lilionekana tupu, mawe matupu, mpaka ulipotazama chini ya jiwe kubwa na kuona mkia.

Mkia ule ulikuwa na pengo upande wa juu, pengo la nusu duara, la kuumwa na kenge kabla Mwanaima hajazaliwa. Aliuona kila asubuhi kwa miaka kumi na mbili.

Alisimama. Kitu cha kwanza alichohisi hakikuwa hasira bali furaha, furaha kali ya mtu aliyekutwa na haki yake mahali asipoitafuta. Hasira ilikuja baadaye, na ilikuja yote.

"Mama!" aliita. "Njoo umwone mgeni wako."

Bi Ashura aliingia, Shaibu akafuata. Mikidadi alibaki amelishika pazia. Bi Ashura aliinama karibu na kioo. Alitazama mkia kwa muda mrefu. Kisha akainuka na kujifunga kanga upya, ingawa haikuwa imelegea.

"Kambare wote wako hivyo," alisema.

"Wote wameumwa hapo?"

"Mto Mbwemkuru una kenge wengi."

"Ni wa Mbwemkuru, kweli," alisema Mikidadi haraka. "Nilimvua mwenyewe. Kibao hicho hapo kimeandikwa."

Mwanaima hakujua kusoma na hakukihitaji kibao. Alifungua kata kiunoni. Aligonga ukingo wa sanduku, mara moja, mara mbili, mara tatu, kama anavyogonga mtu anayetaka maji.

Jiwe lilitikisika. Mwenyeji alitoka, mrefu kama mkono wa mtu mzima, mweusi, sharubu zikipapasa. Akapanda moja kwa moja mpaka juu, pale kata ilipokuwa, na kufungua domo lake.

Hakukuwa na pumba. Mwanaima alifungua furushi la unga, akanyunyiza kidogo, naye akala.

"Mimi namlisha huyu kila siku," alisema Stefano polepole. "Hajawahi kutoka chini ya jiwe mchana. Nilidhani mgonjwa."

Shaibu alimgeukia mdogo wake. "Mikidadi?"

Mikidadi aliingia na kuliacha pazia lifunge. Alizungumza kwa sauti ya chini, mikono ameikunja mbele kama anayeomba. Bwana alitaka kambare mkubwa. Yeye alikaa mtoni siku nane hakupata. Bwana akasema asipopata atamtafuta mwingine wa kuvaa kofia ile. Basi alikwenda Mandawa alfajiri moja na wavu, akaondoka kabla watu hawajaamka. Hakujua kwamba shemeji atasingiziwa. Alipojua, mambo yalikuwa yameshakwenda mbali.

"Nisitiri, shemeji," alisema. "Nitaleta kambare mwingine. Mdogo. Atakua."

"Wewe ulisikia wananitekesha tope," alisema Mwanaima. "Ulisikia, ukavaa kofia yako ukaendelea."

"Mwanaima," Bi Ashura alimshika bega, na safari hii hakumwachia. "Mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani. Maji yakimwagika hayazoleki. Tukirudi nitawaambia wanawake wakuache uteke nao. Kesho kutwa tu. Nitasema umesamehewa."

"Nisamehewe nini?"

Bi Ashura aligeuka kukitazama kibao.

"Gonga wewe, mama." Mwanaima alimpa kata. "Wewe umemlisha kuliko sisi wote. Gonga tuone kama ni kambare wa Mbwemkuru."

Bi Ashura aliitazama kata kana kwamba ina moto. Aliingiza mikono yake ndani ya kanga. Hakugonga.

Mwanaima alitua sufuria yake chini, akakaa sakafuni mbele ya sanduku, akanyoosha miguu. "Basi nendeni mkaone treni. Mimi siondoki bila Mwenyeji."

Na hakuondoka. Adhuhuri ikapita. Watu waliokuja kutazama samaki walimkuta mwanamke, wakauliza, naye akaeleza. Hakupunguza kitu na hakumung'unya jina la mtu. Wanaume wengine waliguna wakaendelea. Lakini wanawake walikaa. Wa Kiegei walikuwa na kambare wao. Wa Mtua walikuwa na kisima na mwiko uleule wa masizi. Na kila mmoja wao alimjua mwanamke aliyewahi kusingiziwa. Alasiri ilipoingia, chumba kile cha turubai kilikuwa kimejaa wanawake waliokaa chini, wengine wananyonyesha, na mtu wa kubeba sanduku hangepata pa kuweka mguu.

Bwana Miwani alikuja na saa mkononi na mafundi wanne nyuma yake.

"Nini hii? Toka! Treni nakwenda saa kumi na moja."

"Na iende," alisema Mwanaima. "Samaki huyu wa kisima chetu. Ameibwa."

"Samaki yangu. Mikidadi nalipwa."

"Umemlipa mwizi. Kamdai mwizi."

Wanawake walipiga vigelegele. Bwana akawa mwekundu. Alimwita Mikidadi, naye Mikidadi akaja akiburura viatu.

"Samaki natoka mtoni? Sema."

Mwanaima hakumsihi. Aligonga kata mara tatu na Mwenyeji akapanda mbele ya wote, domo wazi. Mikidadi alimtazama samaki, akamtazama mama yake, ambaye alikuwa ameinamisha uso. Akavua kofia.

"Kisimani, Bwana," alisema.

Bwana Miwani alitazama saa. Alitazama sakafu iliyojaa wanawake, kisha mafundi wake, ambao ghafla walikuwa wakisoma mabati ya paa kwa makini sana. Kasa, perege na masanduku yao yote yalikuwa nyuma ya wanawake wale.

"Chukua!" alipiga kelele. "Chukua hii moja, toka yote! Lakini debe yangu hapana toa. Ndoo yangu hapana toa. Chukua na mkono!"

Alidhani amemkomoa. Mwanaima aliinuka, akainua sufuria yake, nyeusi ya mekoni, yenye masizi ya siku mbili za njiani juu ya masizi ya miaka, akaizamisha katika lile sanduku la kioo mpaka maji ya Ulaya yakawa na wingu jeusi. Stefano alimsaidia kumwelekeza samaki. Mwenyeji aliingia, akajikunja, akatulia.

"Masizi, Mwanaima," alinong'ona Bi Ashura. "Angalau ungeomba mtungi."

"Kwa nani? Nani ameniazima mtungi mzima wiki hizi tano?"

Walirudi kwa miguu, bila Mikidadi, aliyeona haya kurudi nao; kofia yake ilikuwa imeshabaki mezani kwa Bwana, na kazi pamoja nayo. Mwanaima alibeba sufuria kichwani, akiwa amefunika jani la mgomba juu. Kila walipokuta kijito alitua na kubadilisha maji. Shaibu aliomba kumpokea mara tatu, na mara tatu alimwambia amechelewa. Alikuwa anamwadhibu, ndiyo, na ilimpendeza.

Siku ya pili, katika kushuka bonde lenye changarawe, mguu ulimteleza. Sufuria iliyumba. Aliyeidaka hakuwa Shaibu bali Bi Ashura, aliyekuwa nyuma yake safari yote. Aliikumbatia kifuani kwa mikono miwili, maji yakamlowesha, masizi yakampaka kanga, viganja na kidevu. Hakuirudisha. Aliipandisha kichwani mwake na kuanza kutembea.

"Mama, nipe," alisema Mwanaima.

"Shingo yako imechoka."

"Nipe hivyohivyo."

"Nimesema shingo yako imechoka," alisema Bi Ashura. "Acha nibebe kidogo, mwanangu."

Walifika Mandawa jua likiwa bado juu. Habari zilikuwa zimewatangulia. Njia haina siri. Kisimani palikuwa na wanawake wote, na mitungi yao, na watoto. Mmoja wao, mwenye mdomo mrefu kuliko wote siku ya hukumu, alisogea na mtungi mpya.

"Mmimine humu kwanza," alisema. "Asiingie na masizi. Mwiko ni mwiko."

"Ataingia na masizi yake," alisema Mwanaima. Alichukua sufuria kutoka kichwani kwa mama mkwe, akapiga magoti, na kuizamisha kisimani yote, mpaka ukingo, mbele ya macho yao. Watu waliguta. Masizi yalitawanyika. Mwenyeji alijinyoosha, akapita mikononi mwake, akazama.

"Sasa nimezamisha," alisema Mwanaima. "Ile siku sikuzamisha. Leo nimezamisha, nanyi nyote ni mashahidi. Kama anachukia masizi, hatapanda. Gongeni."

Hakuna aliyegonga. Walitazamana. Walikuwa wamesadiki wiki tano, na kusadiki kitu kingine kwa siku moja ni kazi ngumu.

Bi Ashura alijipenyeza katikati yao. Aliinyakua kata kiunoni mwa mkwewe bila kuomba. Aliinama kwa shida, magoti yakilia, akagonga jiwe. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu.

Maji yalikaa kimya kiasi cha mtu kuvuta pumzi na kuishikilia. Kisha domo pana likafunguka pale chini ya kata.

"Sikuona sufuria ikiingia majini," alisema Bi Ashura, kwa sauti ya kusikika na aliyesimama nyuma kabisa. "Nilisema nimeona, sikuona. Na aliyemchukua Mwenyeji ni mwanangu Mikidadi, niliyemzaa mimi." Aliinua viganja vyake. Masizi yalikuwa bado hayajatoka. "Huyu hana kosa."

Wanawake walianza kusema wote kwa pamoja, mmoja pole, mwingine tulidhani, mwingine shetani tu. Yule mwenye mtungi mpya alimshika Mwanaima mkono. "Basi yaishe, ndugu yangu."

"Hayajaisha," alisema Mwanaima. "Nitayaacha siku nikiyachoka, na sijayachoka. Sogeeni."

Walisogea. Alichukua kata mkononi mwa mama mkwe wake, akateka wa kwanza, kata moja moja, bila haraka hata chembe, akimimina katika sufuria yake nyeusi, huku kijiji kizima kimesimama nyuma yake na mitungi mitupu kikingoja.